Sikusema Coupez

Nina miaka kumi na saba, niko mwaka wa tano wa sekondari hapa Kolwezi, na kabla ya mwaka huu sikuwahi kumliza mtu yeyote isipokuwa mwalimu wetu wa kemia, ambaye hulia hata kwa vumbi la chaki.

Wasomaji wenzangu, msicheke haraka. Mimi ndiye niliyekuwa nikicheka haraka, na mnaona niko wapi leo... Naandika haya nikiwa nimekaa nyuma ya nyumba yetu, commune ya Dilala, kwa sababu mbele ya nyumba wanapita watu, na watu wa avenue yetu wakiniona hawanisalimu tena.

Jina langu liacheni. Hapa wananiita Réalisateur, yaani mtengeneza filamu. Zamani lilikuwa jina la nusu heshima, nusu kejeli. Leo linatamkwa kama jina la ugonjwa.

Tangu utoto mimi ni mtu wa mizaha. Niliwahi kumwigiza padri mbele ya padri mwenyewe. Niliwahi kumpigia tata yangu, yaani baba, simu nikajifanya bosi wake wa kazini, akasimama wima sebuleni akijibu "oui, chef! oui, chef!" kumbe mimi niko chooni! Nilichapwa, ndiyo, lakini hata tata alipokuwa ananichapa mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Basi nikazoea kufikiri kwamba kila kitu, mwisho wake, kinachekesha. Je, ni kosa langu peke yangu?

Ndiyo. Ni langu. Lakini acheni nieleze.

Ugonjwa wangu ulikuwa sinema. Na kupenda sinema ukiwa Kolwezi ni kama kumpenda msichana anayeishi Ulaya: unapenda peke yako. Jumba la zamani, lile ambalo tata anasema walikuwa wanaliendea na suruali zilizopigwa pasi, siku hizi ni kanisa. Pale palipokuwa na pazia jeupe anasimama mchungaji anayetoka jasho. Kwetu vimebaki vibanda vya video, mbao na turubai jeusi, mnakaa kwenye benchi mnatazama watu wa Asia wakipigana mateke, huku kijana mmoja mwenye maikrofoni anatafsiri maneno ambayo hata yeye hayaelewi. Televisheni ya mji? Nasikia kwingine televisheni inamlipa mwenye filamu. Kwetu mwenye filamu ndiye anailipa televisheni! Umeme unakuja unapojisikia. Na kampuni za migodi zina kamera inayoruka angani kama kunguru, inapiga picha malori yao... Malori! Lori linafanyiwa filamu, sisi wenye miguu tunalala njaa ya kuonekana.

Mtu ataniambia, tumia simu, kijana. Sawa. Wanasema bateri za simu za dunia nzima zinatoka katika udongo wetu. Hapa watu wanachimba mpaka chini ya vitanda vyao. Basi kwa nini bateri yangu mimi ilikuwa inakufa kabla mtu hajamaliza kusema jina lake?

Na hata haikuwa yangu. Ilikuwa simu ya yaya Clarisse, dada yangu mkubwa, kioo kimepasuka kama matope ya kiangazi, mgongo umeshikwa na mpira. Nafasi ndani hakuna. Ili nipate pa kuweka filamu nilikuwa nafuta vitu vyake: kwanza nyimbo zake za kwaya, halafu picha za siku alipotolewa mahari. Alipogundua alinirushia sahani. Nikamwambia, huku nimejificha nyuma ya mlango, "Yaya, picha ni picha tu! Zitapigwa zingine!"

Wekeni maneno hayo pembeni. Tutarudi kwayo.

Kwa sababu ya umaskini huo nikatunga sheria ya kikundi chetu. Prise moja! Kila tendo linapigwa mara moja tu, hakuna kurudia, maana nafasi haipo na bateri haipo. Na kamera ikishaanza, hakuna kutikisika, hakuna kukohoa, hakuna kucheka, mpaka mimi niseme neno la kukata kamera: coupez. Hata nyoka akupande mguuni! Naomie, msichana wa darasa letu aliyecheza mama wa kila mtu katika filamu zetu zote, aliwahi kuingiwa na siafu katikati ya tendo. Alisimama pale akisema maneno yake kwa utulivu, machozi yanamtiririka, mpaka niliposema coupez ndipo akarukaruka kama samaki. Nilijisifu sana siku ile. Niliwaambia, hata Kinshasa hawana nidhamu kama hii.

Lakini nyota yetu alikuwa Héritier. Rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Ana uso mrefu wenye huzuni hata anapokula wali. Mama yake alifariki zamani. Tata yake alienda Kisenge kutafuta maisha kwenye migodi ya manganizi, na habari zake zilikuwa zinakuja kama umeme, yaani zinakuja na kukatika. Héritier alilelewa na kambo yake... ndivyo tunavyowaita bibi na babu zetu huku. Kambo Numbi.

Nimwelezeje Kambo Numbi? Mama mfupi, mweusi sana, analima mihogo njia ya kwenda Kasaji, anauza unga, na kwa unga huo anamsomesha mjukuu. Alimwita Héritier "bwana yangu", yaani mume wangu, kama kambo wote wanavyowatania wajukuu. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa sitoki nyumbani kwake, aliniita "bwana ya pili".

"Bwana ya pili, umekula?"

"Bado, Kambo."

"Bongo, unadanganya! Naona mafuta ku midomo. Kaa, kula tena."

Huyo ndiye mtu ninayewasimulia.

Basi mwaka huu tukasikia kwamba Lubumbashi kuna shindano la filamu fupi za vijana. Mshindi anapewa kamera. Kamera ya kweli, wasomaji! Yenye lenzi inayotoka na kuingia! Sikulala. Nikaandika hadithi: kijana mchimbaji anafunikwa na udongo shimoni, mama yake anamlilia. Shimo tulilipata, jirani yetu alikuwa anachimba choo kipya. Héritier alikufa vizuri sana mle ndani, mpaka mbwa wa jirani akalia.

Likabaki tendo la kilio. Na kilio bila watu ni kitu gani? Niliwaomba wanafunzi wenzangu waje walie. Kila mmoja alitaka soda na mkate kwanza. Machozi ya chumvi kwa soda ya sukari! Nilikuwa sina hata ya kumpa Naomie.

Hapo shetani akaninong'oneza. Au tuseme shetani alikuwa amelala, niliwaza peke yangu.

Mnajua kwetu mtu akifa, matawi ya ngazi, yaani michikichi, yanasimamishwa mwanzo wa avenue, na uani linafungwa turubai. Basi. Hakuna mwaliko. Mama aliyekuwa anaenda sokoni akiona yale matawi anageuka, anakaza kitenge kiunoni, anaingia analia. Pengine hata hamjui marehemu! Atauliza jina katikati ya machozi. Mwingine analeta makaa, mwingine unga, wanaume wanabeba viti vyao wenyewe. Tangu nizaliwe nimeona hivyo.

Nikajiuliza, kwa nini nitafute waigizaji, wakati avenue nzima inalia bure?

Kambo Numbi alikuwa ameondoka kwenda shambani, atakaa huko mpaka Jumamosi. Nyumba yake ni zile za zamani za kampuni, ina uwanja mpana na mparachichi. Pazuri kwa kamera. Héritier alisita.

"Na Kambo?"

"Kambo atarudi Jumamosi, atakuta tumefagia."

"Batu batakasirika, weye."

"Watacheka! Mwisho wa tendo nitatoka mbele yao, nitawaambia, ba mama, aksanti sana, mumecheza muzuri kupita Naomie!"

Naapa nilikuwa naamini hivyo. Nilikuwa nimekwisha kuwaona wanacheka, wananipiga makofi mgongoni... Jamani, mtu anaweza kuwa mjinga kiasi gani akiwa na miaka kumi na saba?

Alhamisi baada ya masomo tulikata matawi, tukayasimamisha mwanzo wa avenue. Tukaweka mezani picha ya Héritier ya shule katika fremu niliyoitoa kwenye ukuta wa nyumba yetu. Héritier mwenyewe tukamlaza chumbani juu ya godoro, shuka mpaka kifuani, unga usoni, pamba puani. Nilimwambia, "Sikia. Prise moja. Chochote kitakachotokea, hausogei mpaka niseme neno."

Akajibu kwa sauti ya pamba, "Najua sheria."

Kwa watu tulisema hakuna kuingia chumbani mpaka bibi wa marehemu arudi. Watu wakaheshimu. Ndiyo kwanza wakalia zaidi, kwa kuwaza uchungu wa yule bibi.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Ndaya, anayeuza vitumbua karibu na shule. Alijitupa chini, mavumbi juu!

"Héritier mwana wangu! Bitumbula yenye kuungua nitampa nani? Ni weye tu ulikuwa unaikubali! Nitampa nani, eee!"

Mimi niko jikoni, simu nimeipenyeza kwenye tundu la dirisha, nimeuma mkono wangu nisicheke. Watu waliendelea kuingia. Chef wa avenue, yaani mkuu wa mtaa wetu, mzee mwenye kofia asiyecheka hata Krismasi, alituma mfuko wa unga. Wanaume wakawasha moto. Mwanga wa jioni ulikuwa unapita katika majani ya mparachichi, unaangukia nyuso zile zilizolowa... Wasomaji, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa natengeneza sinema. Na bateri, ile mbwa ya bateri, siku ile ilikuwa imejaa!

Ndipo nilipomwona kwenye kioo cha simu kabla ya kumwona kwa macho.

Kambo Numbi.

Lori la makaa lilikuwa limekubali kumbeba bure, ndiyo maana alirudi siku ile. Na alipitia njia ya nyuma, upande wa reli, kwa hiyo hakuyaona matawi. Aliingia kwa mlango mdogo wa ua, beseni la mihogo kichwani. Akaona uwanja wake umejaa watu. Na akatabasamu.

Alitabasamu! Naomie, aliyekaa na waombolezaji karibu naye, alimsikia akiuliza kama ni sherehe, "Eh! Leo kuko feti kwangu?"

Mdomo wangu ulikuwa wazi. Neno lilikuwa limekwisha kupanda mpaka kwenye ulimi. Coupez. Ni neno la pumzi moja. Ningelisema pale, ningetoka mbio jikoni, ningepiga magoti, ningechapwa na avenue nzima, na mpaka leo tungekuwa tunacheka.

Sikulisema. Niliwaza shindano. Niliwaza ile kamera yenye lenzi inayotoka na kuingia. Nikajiambia, subiri kidogo... kidogo tu.

Mama Ndaya alimwona, akamkimbilia, akamshika miguu. "Mama Numbi! Mama Numbi eee! Héritier ametuacha!"

Beseni lilianguka. Mihogo ikatawanyika mpaka kwenye moto.

Sauti iliyotoka kwa yule mama sitawaeleza. Sijui kuieleza. Nitawaeleza tu kitu nilichofanya mimi, kwa sababu ndicho nilichokujia hapa kwenye karatasi. Nilitabasamu. Nilinong'ona peke yangu kwa kusifu, "Magnifique..." Halafu nikatoka jikoni na kumfuata na simu.

Aliingia chumbani. Akamwangukia Héritier kifuani. "Bwana yangu, amuka. Bwana yangu! Nimekuletea mihogo ya ile unapenda. Amuka basi, njo nini hii unanifanyia?"

Na Héritier hakuamka!

Mnaelewa? Alikuwa anasikia kila kitu. Alisikia beseni, alisikia sauti ya kambo yake, alisikia moyo wa Kambo unavyopiga juu ya kifua chake. Lakini alikuwa anajua sheria. Alikuwa ananingoja mimi. Machozi yalitoka katika macho yake yaliyofungwa, yakachora mistari katika ule unga. Na mimi... nilisogeza simu karibu ili mistari ile ionekane vizuri.

Mwishowe Héritier alishindwa. Alifungua macho, akakaa, pamba bado ziko puani. "Kambo, mi niko. Niko muzima, Kambo!"

Kambo alimtazama. Akanyoosha kidole kama anayetaka kumgusa. Halafu akaangukia ubavu, taratibu, kama kitenge kinachotoka kwenye kamba.

Simu ilikuwa bado inapiga filamu.

Ya baadaye mnaweza kuyawaza. Mama Ndaya alinipiga kofi ambalo nalisikia hata sasa nikilala upande wa kushoto. Wanaume walimbeba Kambo kwenye kiti, wakatafuta teksi. Tata yangu alikuja akiwa na kandambili mguu mmoja. Safari hii alinichapa na mabega yake hayakutikisika. Na chef wa avenue aliyang'oa matawi kwa mikono yake, akayatupa miguuni pangu. "Kuanzia leo," alisema, "matawi ya parcelle hii, ya huu uwanja, sisi hatuyajui. Mumesikia, batu bote? Hatuyajui."

Hospitali walisema ni damu kichwani. Upande mmoja wa mwili ulikufa, mdomo ukaenda pembeni, maneno yakaisha. Walimrudisha nyumbani. Kila asubuhi, Héritier aliniambia, kabla hajakubali hata kunywa maji, Kambo alikuwa anainua ule mkono mzima, anaweka kidole chini ya pua ya mjukuu wake. Anapima pumzi. Akiisikia ndipo anafumba macho na kupumzika. Kila asubuhi, jamani! Hakuamini tena kwamba mtu anayetembea yuko hai.

Héritier aliniomba kitu kimoja tu. "Ile filme, futa."

"Nimeshafuta," nikasema.

Uongo! Nilimwangalia machoni rafiki yangu nikadanganya. Kwa sababu nilikuwa nimeionyesha kwa kijana mmoja wa kibanda cha fotokopi anayetufanyia montage, yaani kuunganisha vipande vya filamu, kwenye kompyuta yake, naye karibu apige magoti. "Uyu mama ni nani? Unamutoa wapi? Weye, kamera njo yako hii, imeisha!" Nikaificha katika simu, chini ya jina la somo la kemia, mahali ambapo hakuna mtu wa nyumbani kwetu angefungua. Nilikuwa naitaka bado ile kamera. Kambo yuko kitandani, mdomo pembeni, na mimi nilikuwa naitaka bado!

Sikuituma. Msinisifu. Siku ya mwisho ya kutuma umeme ulikatika mtaa mzima, na jenereta ya kibanda haikuwa na mafuta. Nilikaa pale mpaka jua likazama nikililaani giza. Leo naona lile giza lilikuwa na akili kuliko mimi.

Mvua zilipoanza, Kambo Numbi alifariki. Alifariki akiwa ameweka kidole chini ya pua ya Héritier.

Nilikuwa wa kwanza kufika kusaidia. Héritier hakuniambia njoo, hakuniambia toka. Tulikata matawi, mimi na Naomie, tukayasimamisha mwanzo wa avenue, mahali palepale, kwenye matundu yaleyale. Tukafunga turubai. Tukatandika mikeka. Tukakaa.

Hakuna aliyekuja.

Mama walikuwa wanapita na vikapu, wanayaona matawi, wanacheka pembeni ya mdomo, wanaendelea. Dereva mmoja wa teksi-moto alipunguza mwendo akapiga kelele, "Réalisateur! Leo ni sehemu ya pili?" Watoto walikuja kuchungulia kwenye ua wakitafuta kamera. Mmoja akauliza kama watapewa biskuti wakilia.

Mnajua kilio kisicho na watu kinavyokuwa? Unasikia mvua juu ya turubai. Unasikia mkaa unavyopasuka. Tata yangu alikuja akakaa, kwa ajili ya aibu yangu. Yaya Clarisse akaja. Ndugu wa mbali wawili. Viti vingine vilikuwa vinalowa tu.

Nikaanza kuzunguka mlango kwa mlango. Mimi, bingwa wa mizaha, nililia mbele ya kila mlango. "Ni kweli safari hii! Mama Numbi amekufa kweli! Naapa kwa kichwa ya tata yangu!" Na kadiri nilivyolia vizuri, ndivyo walivyosifu. "Eh, uyu mutoto amekuwa fundi! Angalia machozi!" Walikuwa hawanidhihaki hata kidogo, wasomaji. Walikuwa wananisifu kweli! Ni nani aliyewahi kulia kweli akasifiwa badala ya kusadikiwa?

Mama Ndaya hakucheka. Alikuwa anakaanga vitumbua vyake chini ya mwavuli, hakuinua uso. "Nililia machozi yangu ya kweli juu ya mutoto muzima," alisema. "Ile machozi haikunirudilia. Sina tena ya kukupatia. Enda."

Niliporudi nilimkuta Héritier ameshika ile fremu. Ileile ya ukuta wetu. Haina kitu ndani. Alikuwa amepekua nyumba nzima akitafuta picha ya kambo yake ya kuweka mezani. Kadi yake ya kupigia kura ilikuwepo, lakini mnazijua kadi zetu. Sura ilikuwa imefutika, kumebaki wingu la kijivu lenye masikio.

Akamgeukia yaya Clarisse. "Yaya, mu telefone yako... siku ya mahari, Kambo alicheza. Alivaa kitenge ya bleu. Ulimupiga picha."

Yaya alinitazama mimi.

Picha ni picha tu, zitapigwa zingine... Mnakumbuka?

"Basi hata picha hakuna," Héritier akasema, akaketi chini kwenye maji. "Mutu anaishi miaka yote ile, hata picha moja!"

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimezoea kunyamaza pale neno linapotakiwa. Lakini nilichuchumaa mbele yake na nikamwambia, "Sikufuta."

"Nini?"

"Ile filme. Nilikudanganya. Iko."

Nilingoja anipige. Ningefurahi anipige. Alininyooshea mkono tu. "Onyesha."

Akaangalia bila sauti, mvua inadondoka kwenye kioo kilichopasuka. Watu wanalia. Moto. Mparachichi. Halafu mlango mdogo wa ua, beseni, na Kambo Numbi anaona watu nyumbani kwake, anatabasamu. Héritier aliweka kidole. Picha ikasimama.

"Apa," alisema. "Apa njo ulikuwa useme."

Nikatikisa kichwa kukubali. Ndiyo, hapo ndipo nilipotakiwa kusema neno.

"Mi nilikuwa nangojea neno yako," akasema taratibu, kama anayemweleza mtoto mdogo. "Nilimusikia Kambo, nikasema ndani ya roho, sasa atasema. Sasa atasema. Mi nilikuwa nangojea weye."

Tukaenda kwa yule kijana wa kibanda cha fotokopi, akaichapa picha ile kwenye karatasi bila kuuliza chochote. Tukaikata, tukaiweka ndani ya fremu, juu ya meza, chini ya turubai. Kambo Numbi, beseni kichwani, anatabasamu kwa watu waliokuja kwake.

Halafu Héritier akafuta filamu yote iliyobaki, yeye mwenyewe, kwa kidole chake, mimi nikitazama.

Mchana ulipokuwa unaisha Mama Ndaya alisimama kwenye mlango wa ua. Mikono kiunoni. Alitazama mparachichi, alitazama dirisha la jikoni, alitazama paa.

"Kamera iko wapi?"

Nikachukua simu, nikaizima, nikaenda nikaiweka mkononi mwake. Aliishika. Akasogea mezani, akaitazama ile picha kwa muda mrefu. Aliitambua siku ile. Aliona kwenye ukingo wa karatasi kipande cha kitenge chake mwenyewe, akiwa anainuka kukimbia kumpokea yule mama kwa habari ya uongo.

"Ni mi nilimwambia," alisema. "Ni mudomo yangu..."

Akakaa chini. Kwenye matope, si kwenye mkeka. Akaanza kulia, safari hii pole pole, bila maneno. Sauti yake ilipanda ukuta. Baadaye mama wengine wawili wakaingia. Halafu mzee mmoja na kiti chake. Chef wa avenue alipita, akasimama, akavua kofia, hakuingia. Ndiyo hao tu. Tulimzika kesho yake, na jeneza lilibebwa na watu wachache kiasi kwamba hata mimi nilipewa pembe. Nilibeba. Mtu niliyemuua nilimbeba begani, na alikuwa mwepesi kuliko beseni lake.

Héritier hayuko shule tena. Unga ndio uliokuwa unamsomesha. Alipanda lori kwenda Kisenge kumtafuta tata yake, na nasikia yuko mashimoni huko, anachimba. Nilimwandikia hadithi ya mchimbaji anayefunikwa na udongo, na sasa ameingia kweli. Kila mvua ikinyesha naogopa. Nimemtumia ujumbe mara nyingi. Hajibu. Ile fremu aliichukua, akaifunga ndani ya shati lake.

Vijana wenzangu mnaopiga sinema kwa simu zilizopasuka, huku Kolwezi na popote mlipo, najua njaa yenu. Najua hakuna jumba, hakuna umeme, hakuna anayetupa hata kebo. Hayo yote ni kweli na yanaumiza. Lakini mimi niliyafanya kuwa ruhusa. Nilisema, kwa kuwa sina chochote, basi nichukue machozi ya watu bila kuwaomba. Msifuate njia hiyo, nawasihi! Mwombe mtu kabla hujamliza. Mwambie mama wa nyumba. Na kama katikati ya tendo moyo wako unakuambia neno lako linangojewa, liseme! Acha mwanga mzuri upite. Acha kamera ya Lubumbashi iende kwa mwingine. Kuna mtu amelala na pamba puani, anakuamini wewe peke yako.

Shuleni bado wananitania nikipita, kwa maneno ya kuwasha kamera: "Moteur! Action!" Zamani ningejibu kwa kituko. Siku hizi napita tu, na nikifika hapa nyuma ya nyumba nalisema neno langu kwa sauti, ambapo hakuna anayenisikia.

Coupez... Coupez... Coupez!

Lakini beseni limeshaanguka.